Ukiwa kwenye shida nzito, unamuuliza Mungu "kwa nini" au "sasa nifanye nini"?

Kinubi (mleta uzi)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na salamu pia kwa wale ambao si wa imani hii lakini mmefungua uzi, karibuni.

Naandika nikimlenga yule ambaye sasa hivi mambo yamemzidi. Umefiwa, umeachishwa kazi, ndoa imevunjika, majibu ya hospitali yamekuja na jina la ugonjwa ambao hukutaka kulisikia, mtoto amezama kwenye ulevi. Ulikuwa mtu wa kusali, sasa hata kusali kumekuwa kazi. Au hukuwahi kusali kabisa, na ni shida hii iliyokufanya uanze kujiuliza kama yupo Mungu anayesikia.

Nimekaa na watu wa hali hiyo miaka mingi kwenye kundi la faraja kanisani, na mimi mwenyewe nimezika mume. Karibu kila mtu huanza na swali moja: kwa nini? Kwa nini mimi, kwa nini sasa, nimekosa nini? Ni swali halali, Biblia yenyewe imejaa watu wanaoliuliza. Ila nimeona linavyowatesa watu, maana likikaa bila jibu hujitokeza mtu wa kulijibu. Mmoja atakwambia una dhambi umeificha. Mwingine atasema ni laana ya ukoo. Wa tatu atasema imani yako ndogo, panda mbegu, toa sadaka maalumu, utaona mlango ukifunguka. Aliyeumia hana nguvu ya kupima, anapokea lolote analopewa.

Nilichojifunza ni hiki. Katika Biblia, "kwa nini" hujibiwa mara chache sana. "Sasa nifanye nini" hujibiwa mara nyingi, na jibu lenyewe huwa dogo, la leo, la kesho. Mtu akilijua hili mapema anaokoa nguvu nyingi.

Mtazameni Ayubu, mtu mwema aliyepoteza mali, watoto na afya. Sisi wasomaji tunajua yaliyosemwa mbinguni kwenye sura mbili za mwanzo. Yeye hakuambiwa kamwe. Kitabu kina sura 42, na Mungu anapoanza kusema katika sura ya 38 anamuuliza Ayubu maswali tu, sababu hataji hata moja. Na kuna jambo watu hulipita haraka: wale rafiki watatu walipofika waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hakuna aliyemwambia neno (Ayubu 2:13). Siku hizo saba walikuwa wafariji wa kweli. Waliharibu walipoanza kueleza sababu. Mwishoni (42:7) Mungu anawakasirikia wao, waliojiona wanamtetea, halafu anasema Ayubu, aliyelalamika sura baada ya sura, ndiye aliyenena yaliyo sawa juu yake. Mimi mstari huo umenishika kuliko mingi. Mungu alipendezwa na aliyemlalamikia uso kwa uso kuliko waliomsemea maneno mazuri pembeni.

Na Bwana Yesu ni hivyo hivyo. Wanafunzi walipomwona kipofu wakauliza nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake, alikataa yote mawili (Yohana 9), kisha akaanza kumhudumia. Mnara wa Siloamu ulipowaangukia watu 18 wakafa, aliuliza: mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote? Akajibu mwenyewe, sivyo (Luka 13). Anawaita wote kutubu, lakini marehemu hawatwiki lawama ya kifo chao.

Sasa njooni kwa Eliya, 1 Wafalme 19. Huyu ametoka kuwashinda manabii wa Baali pale mlima Karmeli, moto umeshuka mbele ya macho ya watu. Baada ya hapo anapokea tishio la malkia Yezebeli, anakimbia jangwani, anakaa chini ya mti wa mretemu na kuomba afe. Nabii! Angekuwa kwenye baadhi ya makusanyiko yetu angekemewa. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akamwambia aamke ale. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamwambia ale kwa maana safari ni kubwa mno kwake. Kwanza chakula na usingizi, mara mbili. Baadaye sana, kwenye mlima Horebu, ndipo inakuja ile sauti ndogo, ya utulivu, na hata hiyo haikumweleza kwa nini Yezebeli bado yuko hai. Ilimpa kazi: rudi kwa njia uliyojia, wapake mafuta hawa na hawa, na Elisha awe nabii baada yako. Naye akaenda.

Wapendwa, mtu ambaye halali wala hali asianze kwa kutafuta ufunuo. Alale, ale. Ni Maandiko yanayoanza hivyo.

Na Yeremia 29:11, mstari tunaotumiana kila mwaka mpya: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Soma na mstari wa 10. Barua ile ilipelekwa kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na ahadi ilikuwa ya baada ya miaka 70. Wengi waliosikia barua ikisomwa walijua watakufa kabla. Sura moja nyuma kuna nabii Hanania aliyetabiri kwamba mambo yote yatarudi kama kawaida ndani ya miaka miwili. Hebu fikiri watu wangempenda yupi. Lakini Hanania alikuwa anawatumainisha uongo, na Yeremia aliyesema 70 ndiye aliyewaambia pia la kufanya: jengeni nyumba mkae ndani yake, pandeni bustani, oeni, utakieni amani mji ule ule uliowateka (mstari wa 5 hadi 7). Mwongozo wa Mungu kwa watu waliovunjika moyo ulikuwa kupanda bustani ugenini. Kila nikiusoma naona huruma kubwa ndani yake, kwa sababu bustani mtu anaweza kuianza kesho asubuhi hata kama moyo bado unavuja damu.

Naishia hapo kwanza. Mwenye swali aulize, mwenye ushuhuda atoe. Naomba tu jambo moja: kwenye uzi huu asitokee mtu wa kumwambia mwenzake kwamba anateseka kwa sababu ya dhambi yake. Hatujui.

---

Mtafakari

Nafuatilia. Uzi muhimu huu.

---

Tumbawe

Dada Kinubi, asante. Mimi niko kwenye hali hiyo uliyoitaja mwanzo, la kwanza kabisa kwenye orodha yako. Swali langu ni moja. Nikipiga magoti maneno hayaji. Nakaa tu pale. Zamani nilikuwa naongoza maombi kwenye kikundi, watu wakinisifia. Sasa nasema "Baba" halafu kimya. Je, hiyo ni kuasi? Naogopa.

---

Kinubi

Pole sana, Tumbawe. Pole tena. Siulizi umefiwa na nani. Ukitaka kusema utasema.

Huko si kuasi. Paulo anaandika katika Warumi 8:26 kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, lakini Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Maana yake kuna maombi ambayo hata Roho hayaweki kwenye maneno. Hilo neno "Baba" ukilisema ukanyamaza, umesali.

Ukitaka maneno, azima. Zaburi ni 150, na takribani theluthi moja ni za kulia na kulalamika. Watu wamezisali tangu kabla ya Kristo. Anza na ya 13, fupi, mistari sita tu, inaanza na "hata lini". Ukiona hiyo inageuka kuwa furaha haraka kuliko moyo wako, nenda ya 88. Ile haigeuki. Inaanza kwa kilio na neno lake la mwisho ni giza, na bado imewekwa ndani ya kitabu cha kuabudia. Waliokusanya zaburi wangeweza kuiacha. Hawakuiacha, kwa hiyo una mahali pa kusimama hata siku hiyo.

Yesu mwenyewe msalabani aliazima. "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" ni mstari wa kwanza wa Zaburi ya 22. Alipokosa pumzi alitumia maneno ambayo watu wake waliyasali karne nyingi kabla.

Na kama hata kusoma kumekushinda, waache wengine waombe. Unakumbuka yule mwenye kupooza aliyechukuliwa na watu wanne, wakatoboa dari? Marko 2:5 inasema Yesu alipoiona imani *yao*. Yule mgonjwa hatuambiwi alisema nini wala aliamini kiasi gani. Alibebwa. Tafuta wawili watatu uwaambie wazi, "mimi siwezi kuomba, niombeeni", kisha usijisikie mdeni.

---

JeshiLaNeno

Shalom. Mleta mada umeandika vizuri ila naona kuna hatari hapa. Unawafundisha watu kuridhika na shida. Mungu wetu ni wa miujiza. Waebrania 11 inasema kwa imani watu walishinda milki za wafalme, walifunga vinywa vya simba, walizima nguvu za moto. Mimi nimeponywa ugonjwa ambao madaktari walisema nitaishi nao. Nikisoma uzi kama huu najiuliza, imani iko wapi? Mtu akiamini kweli atatoka.

---

Kinubi

Ndugu JeshiLaNeno, namshukuru Mungu kwa kupona kwako, na nasema hivyo kutoka moyoni. Mimi pia naamini Mungu anaponya. Nimeomba uponyaji na nitaendelea kuuomba kwa kila mgonjwa ninayekaa naye.

Ila tuendelee kidogo na sura hiyo hiyo uliyoitaja. Mstari wa 34 unasema kwa imani wengine waliokoka na makali ya upanga. Shuka hadi wa 37: wengine waliuawa kwa upanga. Upanga ule ule, imani ile ile, na mstari wa 39 unawajumlisha wote kwamba walishuhudiwa kwa sababu ya imani yao. Mwandishi hakuwapanga kwenye mafungu mawili, wenye imani kubwa huku na wenye imani ndogo kule.

Paulo aliomba mara tatu "mwiba", yaani teso la mwilini mwake, uondolewe (2 Wakorintho 12). Jibu likawa, "Neema yangu yakutosha." Nani atasema Paulo alikosa imani? Na Bwana wetu Gethsemane aliomba kikombe cha mateso kimwepuke, akarudia mara tatu, naye akakinywa.

Ninaposema haya simwambii mtu aache kuomba muujiza. Aombe, tena kwa bidii. Ninachokataa ni lile fundisho kwamba muujiza usipokuja kosa ni lake. Nimekaa na mama aliyezika mtoto, halafu akaja kuambiwa kwamba angefunga siku nyingine tatu mtoto angepona. Huyo amezika mtoto mara mbili. Naomba ndugu yangu ulifikirie hilo kabla hujasema "mtu akiamini kweli atatoka" mbele ya watu ambao hujui wanapitia nini.

---

JeshiLaNeno

Nimekuelewa kwenye hilo la mama. Kuhusu mengine bado nadhani watu wanahitaji kutiwa moyo waamini makubwa. Lakini mstari wa 37 nitaurudia kuusoma vizuri.

---

Pwaguzi

Mimi naomba kuuliza kuhusu dawa. Nina msongo uliofika mahali pa kuitwa ugonjwa, niko kwenye matibabu na yananisaidia. Kiongozi mmoja wa maombi ameniambia nikiendelea kumeza vidonge ni dalili kwamba sijamwamini Yesu, nivitupe. Nimebaki njia panda.

---

Kinubi

Usivitupe. Naomba uanzie hapo. Dawa za namna hiyo zikikatishwa ghafla zinaweza kukurudisha nyuma vibaya. Kama kuna haja ya kupunguza au kubadili, hilo ni la kuzungumza na daktari aliyekuandikia.

Kuhusu imani: Luka, aliyeandamana na Paulo safarini, anaitwa "tabibu mpendwa" (Wakolosai 4:14). Timotheo aliumwa mara kwa mara, na Paulo hakumwambia akemee. Alimshauri atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Trofimo naye, Paulo anaandika bila aibu yoyote kwamba alimwacha Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Hawa ni watu waliokuwa karibu na mtume ambaye leso zake ziliponya wagonjwa huko Efeso. Mungu yule yule aliwaponya wengine kwa leso na kumwachia Timotheo ushauri wa tumbo.

Kingine, na hiki nawaambia wote wanaosoma kimya kimya: kama umefika mahali pa kuwaza kujitoa uhai, au umeshaanza kufikiri utafanyaje, usibaki peke yako na wazo hilo usiku wa leo. Mwambie mtu aliye karibu kwa maneno ya wazi, "nawaza kujiua", akae nawe, na mwende hospitali au mpige namba ya dharura ya mahali mlipo. Eliya aliomba kufa na hakuhesabiwa mwasi. Alitunzwa.

---

Pwaguzi

Nimelia kidogo. Asante mama.

---

Dodoso

Nina jambo tofauti. Kila mtu anasema "mtafute Mungu akuongoze". Sawa. Anaongozaje? Mimi nina maamuzi matatu makubwa mbele yangu yote kwa pamoja: kuacha kazi, kuhama, na kumaliza uchumba. Nimefungua Biblia bila kuangalia, kidole kikaangukia orodha ya majina ya ukoo. Nimesubiri ndoto. Hakuna. Wenzangu kila mmoja ana neno "kutoka kwa Bwana" na maneno yenyewe yanapingana.

---

Kinubi

Dodoso, umeuliza swali ambalo ndilo nusu ya uzi huu.

Nianze na ushauri wa mtu mmoja wa zamani. Ignasi wa Loyola alikuwa askari, akajeruhiwa mguu na mzinga huko Pamplona mwaka 1521. Akiwa kitandani akiuguza mguu ndipo alipoanza kuchunguza jinsi moyo unavyopanda na kushuka mbele za Mungu. Kanuni aliyoiacha imewasaidia hata Wakristo wasio Wakatoliki: wakati wa ukiwa wa roho, yaani roho inapokauka na kukosa faraja, usibadili maamuzi uliyoyafanya ulipokuwa na utulivu. Moyo ukiwa gizani huona milango yote imefungwa isipokuwa ule wa kukimbilia. Kwa hiyo maamuzi yako matatu, lile linaloweza kungoja liache lingoje. Kama hakuna tarehe inayokubana, huna haja ya kujibana mwenyewe.

(Kuna jambo moja halingojei, nalisema hapa kwa ajili ya wengine: kama nyumbani unapigwa, toka kwanza, utafute uongozi ukiwa mahali salama. Daudi alimkimbia Sauli. Paulo alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu. Kukimbia anayetaka kukuua hakupungui utakatifu.)

Sasa, anaongozaje. Angalia Matendo 16. Paulo na wenzake walitaka kuhubiri Asia, wakakatazwa na Roho. Wakajaribu kwenda Bithinia, wakazuiwa. Wakashuka Troa. Hapo ndipo Paulo akaona maono ya mtu wa Makedonia, na Luka anasema walikata neno kwamba Mungu amewaita huko. Mtume mwenyewe alijaribu mlango, ukafungwa, akajaribu mwingine, ukafungwa. Hakukaa chumbani kungoja ramani. Alitembea kwa kiasi alichojua, na maono yalipokuja waliyazungumza pamoja wakaafikiana.

Zaburi 119:105 inasema, "Neno lako ni taa ya miguu yangu, na mwanga wa njia yangu." Taa ya miguu humulika hatua iliyo mbele. Watu wengi waliokata tamaa ya kuongozwa walikuwa wanadai kuonyeshwa mwisho wa safari.

Nikikaa na mtu mwenye swali kama lako humuuliza mambo machache. Je, kuna lolote katika haya matatu ambalo Neno limeshalisema wazi? Kama lipo, hilo limekwisha. Nani watu wawili wanaokupenda, wanaomcha Mungu, na hawana faida yoyote katika uamuzi wako? Wa namna hiyo wasikilize kuliko wale kumi wenye "neno". Kisha, ukiwa na utulivu, tuseme baada ya usingizi na sala, moyo unaelekea wapi, na unabaki huko siku baada ya siku? Na Yakobo 1:5: anayepungukiwa na hekima aombe, Mungu hutoa kwa ukarimu wala hakemei. Anaahidi hekima. Ndoto hazikatai, ila kilichoahidiwa pale ni hekima.

Na anayekuletea "neno kutoka kwa Bwana" akiwa na haraka, akitaka uamue leo, au akitaka fedha, mwache aende zake. Paulo mwenyewe anatuamuru tujaribu mambo yote na kulishika lililo jema (1 Wathesalonike 5:21), kwa hiyo kupima unabii si dharau kwa Roho.

---

Dodoso

Hilo la uchumba ndilo ninalolijua tayari jibu lake, nilikuwa naogopa kulisema. Mengine yanaweza kungoja. Ubarikiwe.

---

Mwanagenzi

Habari zenu. Mimi si mtu wa dini. Nimelelewa bila kanisa wala msikiti. Mwaka huu umenipiga sana na nimejikuta nasoma uzi huu hadi mwisho. Nina maswali mawili, samahani kama ni ya kitoto. La kwanza: je, si unafiki kumtafuta Mungu kwa sababu tu nina shida? La pili: mtu kama mimi aanzie wapi, maana Biblia ni kubwa na nyie mnataja vitabu kama mnavyotaja majina ya jirani.

---

Tumbawe

Mwanagenzi, la kwanza nikujibu mimi. Ukisoma injili utaona karibu kila aliyemwendea Yesu alikwenda na shida. Mwenye ukoma, baba wa mtoto mgonjwa, mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Sijaona alipomrudisha mtu akimwambia umenijia kwa sababu ya shida tu. Mimi nimeokoka zamani na bado leo ninamwendea kwa sababu ya shida. Karibu, tuko wengi.

Na dada Kinubi, ni mama yangu niliyempoteza. Sasa naweza kulisema. Nimeisoma ya 88 kila usiku, na jana nilirudi ya 13.

---

Kinubi

Mama. Pole, Tumbawe. Asante kwa kutuambia. Warumi 12:15 inatuagiza tulie pamoja nao waliao, na hapa tuko wengi tunaolia nawe. Ukikaa hata mwezi kwenye ya 13 bila kufika mstari wa mwisho, kaa.

Mwanagenzi, maswali yako si ya kitoto. Anza na Injili ya Marko. Ndiyo fupi kuliko zote nne, sura 16, inakwenda kwa kasi na haidhani kwamba unajua mengi. Soma sura moja kwa siku au nusu, usikimbie. Chukua tafsiri ya lugha nyepesi kama ile ya Kiswahili cha kale inakusumbua. Kila ukimaliza jiulize maswali mawili tu: huyu Yesu amefanya nini hapa, na kama ni kweli, inanigusa wapi? Usipoona kitu, endelea kesho.

Ukifika sura ya 4 utakutana na wanafunzi kwenye dhoruba, Yesu amelala shetri, yaani nyuma ya chombo, wanamwamsha kwa maneno makali: si kitu kwako kuwa tunaangamia? Angalia kwamba aliituliza bahari kwanza, maswali juu ya imani yao akayauliza baadaye. Ukifika sura ya 9 utamkuta baba mmoja aliyesema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hiyo ni sala unayoweza kuisali hata kabla hujajua kama unaamini, na mtoto wake alipona siku hiyo hiyo.

Halafu usisome peke yako muda mrefu. Tafuta kanisa. Utajuaje kwamba ni salama? Nenda mara kadhaa kabla ya kujitolea kwa lolote. Sikiliza kama wanafungua Maandiko au wanasimulia tu ukuu wa kiongozi wao. Angalia wanavyomtendea asiye na kitu. Uliza swali gumu uone kama utajibiwa au utanyamazishwa. Kama katika wiki za kwanza wanajua kiasi cha mshahara wako kuliko wanavyojua kilichokuumiza, ondoka, kuna makanisa mengine. Na ukipata mahali ambapo watu wanaweza kukaa nawe kimya kama wale rafiki wa Ayubu siku zile saba za mwanzo, hapo kaa.

---

Mwanagenzi

Nimepakua. Naanza Marko leo usiku. Nikikwama narudi kwenye uzi huu au nifungue mwingine?

---

Kinubi

Rudi hapa hapa. Wengine wana maswali kama yako na hawajathubutu kuuliza, kwa hiyo weka namba ya sura na mstari, tutasoma wote pamoja nawe.